Uru Walivyoshinda Mara Thelathini na Moja

Mama Evelyn aliingia ofisi ya Karamu Chap saa mbili na nusu asubuhi, akavuta kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya mlango, akakaa. Alikuwa fundi cherehani wa Pasua, mwanamke mfupi asiyekuwa na haraka, na alikuja na chupa ya chai pamoja na shati la mteja lililokosa vifungo. Digna alipoiona ile chupa ya chai alijua leo kuna kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ukumbi wangu uko wapi?"

Swali lilikuwa la haki, na mtu wa kulijibu alikuwa Digna, kwa sababu mitambo yote ya Karamu Chap aliiunda yeye. Alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam miaka sita, akitunza mifumo iliyojengwa na watu wengine, mpaka Wenseslaus, mwenye kampuni, alipomwita arudi Moshi ajenge wa kwake tangu msingi. Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Unataka ukumbi, maturubai, bendi ya tarumbeta au mchoma ndafu, mbuzi mzima wa harusi? Unafungua simu, unachagua siku, unabonyeza, imekuwa yako. Desemba, Wachagga waliotawanyika nchi nzima wanaporudi nyumbani, kila mwenye kijana wa kuoa anataka aoe wiki ile ile, na kumbi hazizai.

Wenseslaus alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kasi. "Mteja akibonyeza, apate jibu kabla hajafumba jicho," alikuwa akisema. "Akifumba jicho tumempoteza."

Kwa hiyo Digna alimjengea kasi. Aliweka seva tatu: moja hapo ofisini mjini, moja Holili kwa ajili ya wateja wanaovuka mpaka, na moja Uru, juu mlimani, katika duka la madaftari la Mwalimu Vedastus, ambako watu husimama barazani na kutumia mtandao wa duka. Kila seva ilikuwa na nakala ya kanzidata nzima, yaani orodha ya kumbi zote na nani amechukua nini siku gani. Kila moja ilimjibu mteja wake papo hapo bila kuwauliza wenzake, kisha ndipo ikawapelekea habari. Mawasiliano ya Uru na mjini yakikatika, na yalikuwa yakikatika kama vile mtu anavyopiga chafya, seva ya Uru iliendelea na kazi peke yake, na yakirudi seva zote tatu zililinganisha orodha zao.

Digna aliona shimo lilipo tangu mwanzo, na alimwambia bosi wake.

"Zikiwa hazisikilizani, seva mbili zinaweza kuahidi ukumbi mmoja kwa watu wawili. Hapo tuna njia mbili tu. Tumwambie mteja asubiri mpaka zisikilizane, au tukubali, halafu tusuluhishe baadaye."

"Tumwambie mteja asubiri?" Wenseslaus aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeombwa auze kihamba, shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake.

Basi wakakubaliana kwamba pakitokea mgongano, aliyeandikwa mapema ndiye mwenye ukumbi, na mwenzake apelekewe ujumbe wa pole. Digna hakuipenda ile kanuni, lakini aliiandika.

Na sasa hiyo pole ilikuwa imemfikia Mama Evelyn.

Digna alifungua kompyuta yake akatafuta. Ukumbi wa Kilele, Jumamosi ya baada ya Krismasi, harusi ya Evelyn. Mama yake alikuwa ameuchukua kwa seva ya mjini saa tatu na dakika mbili asubuhi. Siku hiyo mafundi wa barabara walikuwa wamekata waya kwa koleo tangu alfajiri, na Uru haikuonekana mtandaoni mpaka jioni. Iliporudi, ikaonekana kwamba huko nako mtu alikuwa ameuchukua ukumbi ule ule, siku ile ile. Mektrida, harusi ya mwanawe Martin. Kwenye orodha iliandikwa 8:10.

"Saa mbili na dakika kumi," Digna alisema kwa upole. "Amekutangulia kwa dakika hamsini na mbili, mama. Samahani sana."

Mama Evelyn alikata uzi kwa meno. "Mektrida gani? Wa Uru, anayeleta ndizi sokoni? Mrefu, ana pengo hapa mbele?"

"Pengo lake silijui, mama."

"Ni yeye. Siku hiyo unayoisema, saa sita mchana, alikuwa amesimama mbele ya cherehani yangu nampima gauni la mama mkwe. Nakumbuka kwa sababu kengele ya kanisa ilipiga nikiwa kwenye kiuno, nikasahau namba, nikapima tena. Akaniuliza, mwenzangu, ukumbi gani mzuri? Bado sijapata. Mimi mwenyewe, kwa kinywa hiki, nikamwambia nenda Kilele, wana vyoo vizuri. Tarehe ya harusi yao hakunitajia, na mimi sikuuliza." Alichukua kifungo kingine. "Sasa wewe mwenye kompyuta nieleze. Mtu ambaye saa sita hana ukumbi, saa mbili aliuchukuaje?"

Miaka yote ya kazi Digna alikuwa hajawahi kuulizwa swali zuri namna hiyo na mtu mwenye sindano mdomoni.

Alirudi kwenye kompyuta akaagiza ioneshe migongano yote tangu mfumo uanze. Ilikuwa thelathini na minne. Mitatu ilikuwa ya mjini na Holili, na hiyo iligawanyika kama inavyotarajiwa, huyu kashinda huku, yule kule. Iliyobaki thelathini na mmoja ilikuwa ya Uru na mahali pengine. Uru walikuwa wameshinda thelathini na mmoja. Alihesabu upya kwa kidole kwenye kioo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Thelathini na mmoja.

Kisha akaona jambo ambalo alikuwa ameliona zamani akalipuuza. Watu wa Uru walikuwa wanachukua kumbi saa tisa usiku, saa nane usiku, hata saa saba. Mwezi wa tisa alipoliona kwa mara ya kwanza alikuwa amewaza kwamba watu wa mlimani wanaamka mapema kukamua ng'ombe, na akawasifu moyoni.

"Mama, naomba unipe mpaka jioni," alisema. "Nakwenda Uru."

"Nenda. Mimi nipo hapa hapa. Chai yangu bado moto."

Alipanda bodaboda, wakakunja na kukunjua kona za lami na kisha za vumbi, kahawa upande huu na migomba upande ule, mpaka duka la Mwalimu Vedastus. Barazani walikuwepo watu kama tisa, simu mikononi, wengine wakiwa na vumbi la safari kwenye viatu. Hawakuwa wanunuzi wa madaftari.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Digna. Karibu. Kaa, ule kiburu cha ndizi na maharage, kipo cha moto." Mwalimu Vedastus alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na bado alikuwa na chaki mfukoni. Alikuwa ameifunika seva kwa kitambaa cheupe kilichofumwa, kama redio ya sebuleni.

"Mwalimu, hawa watu wametoka wapi?"

"Pasua, Majengo, yule mama ametoka Himo. Wanakuja kuchukulia kumbi hapa. Wanasema Uru ina baraka. Ukiandikia hapa hunyang'anywi." Alishusha sauti. "Mimi sisemi ni baraka. Nasema ni usafi wa mazingira ya kazi."

Digna alifunua kile kitambaa, akawasha kioo. Saa yake ya mkononi ilisema saa tano kasorobo asubuhi. Saa ya seva ilionesha 4:45. Aliikokotoa kama vile Mwalimu angeikokotoa.

"Mwalimu. Hii saa imeguswa?"

"Imerekebishwa," Vedastus alisema kwa fahari. "Mwezi wa nane. Ilikuwa inadanganya watu. Naingia dukani saa tatu asubuhi, inaonesha tisa. Mchana saa tisa, inaonesha kumi na tano. Saa kumi na tano, Digna. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, sijaona mtu anatoka kazini saa kumi na tano. Nikairudisha kwenye saa ya kweli. Kesho yake nakuja, imerudi kwenye uongo wake. Nikarekebisha tena, ikarudi tena. Mara ya nne nikatafuta mpaka nikaona mahali palipoandikwa kwamba inajirekebisha yenyewe. Nikaizima hiyo. Tangu hapo ina adabu."

Digna alikaa juu ya boksi la madaftari.

Kwa hiyo seva ya Uru ilikuwa nyuma kwa saa sita kamili. Mtu aliyeandikia hapa saa nane na dakika kumi mchana aliandikwa 8:10, na mashine nyingine zikaisoma kuwa ni asubuhi. Mtu wa mjini angehitaji kuamka saa nane za usiku ili amshinde mtu wa Uru aliyeamka, akanywa chai na kushuka taratibu barazani. Na kwa muda wa miezi minne hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kila mteja wa Uru alipotazama simu yake akaona 8:10, alisoma saa nane na dakika kumi, na kweli ilikuwa saa nane na dakika kumi. Watu wote walikuwa sahihi. Kompyuta peke yake ndiyo iliyokuwa na lugha yake.

Alimweleza Mwalimu taratibu. Vedastus alisikiliza, akatoa chaki, akaandika namba mbili juu ya kaunta, akatoa moja kwenye nyingine, akazifuta kwa kiganja.

"Thelathini na mmoja," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wote hao mimi ndiye niliyewanyang'anya."

"Hapana. Mimi ndiye niliyejenga mfumo unaoamini saa ya mtu bila kuuliza. Wewe ulirekebisha saa tu."

Mwalimu hakufarijika sana. Alitoka barazani akawatangazia wale watu tisa kwamba baraka zimesitishwa kwa matengenezo.

Jioni, Digna alipofika mjini, Mama Evelyn alikuwa bado mlangoni. Alikuwa amemaliza shati na sasa alikuwa anashona zipu ya mkoba wa mhudumu wa ofisi. Wenseslaus alikuwa amelazimika kupitia dirishani, na suruali yake ilikuwa na alama ya chokaa.

Digna alimvuta pembeni akamweleza yote. Wenseslaus alisikiliza huku akipangusa goti.

"Tutasema ni hitilafu ya mtandao," aliamua. "Mtandao hauna mtu wa kuulalamikia."

"Hatutasema hivyo. Watu thelathini na mmoja walichukuliwa kumbi zao. Nitampigia kila mmoja."

"Na huyu wa mlangoni?"

"Huyu nitamwambia sasa hivi."

Wenseslaus alifikiri, na alipofikiri alirudi kwenye mila. Alitoka kwa dirisha lile lile, akaenda kwenye ua wa jirani, akarudi ameshika jani la sale kwa mikono miwili, jani ambalo Mchagga akikuletea kuomba msamaha huna namna ya kukataa. Alisimama mbele ya Mama Evelyn, akainamisha kichwa, akalinyoosha.

Mama Evelyn alikuwa Mnyaturu kutoka Singida. Mumewe aliletwa huku na kazi ya kiwanda cha sukari. Alilitazama jani, akamtazama Wenseslaus, akalitazama jani tena.

"La nini? Sina mbuzi."

Wenseslaus alieleza maana yake kwa kirefu. Mama Evelyn alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akalipokea, akalitia kwenye chupa yake ya chai iliyokuwa tupu, likasimama kama ua la mezani.

"Ahsante, ni zuri," alisema. "Ukumbi je?"

Hapo Digna alikaa chini kwenye kizingiti, miguu nje, akamsimulia habari ya seva tatu, saa ya Mwalimu na kanuni aliyoiandika mwenyewe. Hakuficha kitu. Mama Evelyn alicheka sehemu ya saa kumi na tano, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ukosi wa gauni. Kisha akawa makini kama alivyokuwa asubuhi.

"Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha mafundi," alisema. "Tuko watu kumi na watano. Mmoja akikaa nyumbani kwake akaamua kwamba tunanunua mashine, hatununui. Lazima akidi itimie. Hizo mashine zako ziko tatu, kwa nini moja inaamua peke yake?"

"Kwa sababu tulitaka haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Harusi ni mwezi ujao."

Digna aligeuka akamtazama Wenseslaus. Wenseslaus alitazama suruali yake.

Asubuhi iliyofuata Mektrida alishuka kutoka Uru mpaka ofisini baada ya kupigiwa simu. Alikuwa mrefu na pengo alikuwa nalo. Alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, akautua mbele ya Mama Evelyn, na wakasalimiana kwa muda wote ambao wanawake wawili wenye ugomvi wanahitaji kusalimiana.

"Ukumbi ni wako," Mektrida alisema mwishowe. "Nikuambie ukweli. Siku ile ningeweza kuuomba nikiwa hapo hapo kwako, simu ninayo. Lakini kule kwetu tulikuwa tunajua kwamba ukiandikia kwa Mwalimu hushindwi. Nikapanda juu na jua lile. Kwa hiyo mashine ilikosea, na mimi nilikuwa nimepanda kilima kulifuata kosa lake."

"Na Martin atafungia wapi harusi?"

"Kanisani atafunga. Sherehe itakuwa kihambani kwangu." Alimgeukia Wenseslaus. "Na kampuni italeta maturubai, viti mia tatu na jenereta, na itavileta yenyewe mpaka uani, siyo mpaka barabarani."

Wenseslaus, aliyekuwa na jani la pili mgongoni, aliona halihitajiki tena. Alikubali.

Wiki mbili zilizofuata Digna aliuvunja mfumo wake na kuujenga upya. Aligawa mambo mafungu mawili. Picha za kumbi, menyu, namba za simu na maoni ya wateja, hayo kila seva iliendelea kuyajibu peke yake kwa kasi ile ile, kwa sababu mtu akiona picha ya jana hafi. Lakini ukumbi wa siku fulani, kitu ambacho kipo kimoja tu duniani, hakingetolewa tena mpaka seva mbili kati ya tatu zikubaliane. Mbili zikisema ndiyo, imekwenda, hata kama ya tatu imekatiwa waya, na ikirudi itasomewa kumbukumbu za kikao kama mjumbe aliyechelewa. Seva iliyobaki peke yake ingemwambia mteja asubiri. Na nani aliyetangulia hakungeamuliwa na saa tena. Kila kibali kilipewa namba ya foleni na akidi yenyewe, moja, mbili, tatu, na namba hiyo hakuna mtu angeweza kuirekebisha kwa nia njema.

Wenseslaus alipima kwa simu yake. Zamani jibu lilikuja kabla hajafumba jicho. Sasa alifumba jicho, akalifumbua, ndipo likaja.

"Tumekuwa wazito," alisema kwa huzuni.

"Tumekuwa wakweli," Digna alisema. "Jaribu kufumba taratibu."

Aliwapigia wale thelathini waliobaki pia, mmoja mmoja. Kumi na wawili walimtukana. Watano walikuwa wameshasahau. Mmoja alimshukuru, akasema kunyang'anywa ukumbi kulimpa muda wa kumfikiria vizuri yule mchumba, akaachana naye. Waliobaki walimtaka awatafutie ukumbi mwingine, na alitafuta mpaka akawa anaota viti.

Jumamosi ya baada ya Krismasi Evelyn aliingia Ukumbi wa Kilele na gauni lililoshonwa na mama yake, na vyoo vilikuwa vizuri. Digna alikaa pale nusu saa, akala pilau kidogo, kisha akapanda Uru, kwa sababu Mektrida alikuwa amemwambia asipofika atamfuata.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Uwanja wa kihamba uligeuka tope jekundu, viti vikazama mguu mmoja mmoja, na wageni wakala wameinama upande kama watu walio ndani ya jahazi. Hakuna aliyejali. Mbege, pombe ya ndizi, ilikuwa inazunguka, ndafu ilikuwa imesimama mezani na majani mdomoni, na Mwalimu Vedastus alikuwa amepewa kazi ya kukaribisha meza kuu, kazi aliyoifanya kwa kuita majina kwa mpangilio wa alfabeti kama daftari la mahudhurio. Mektrida alimshika Digna mkono akampitisha meza kwa meza.

"Huyu ndiye msichana aliyeninyang'anya ukumbi," alimwambia kila mtu, na kila mtu alimpa Digna kipande cha nyama.

Alikuwa na sahani ya tatu mkononi simu ilipoita. Wenseslaus.

"Waya wa Uru umekatika tena," alisema. "Seva ya Mwalimu imewakatalia watu sita. Sita, Digna. Inawaambia wasubiri. Wako barazani, wananipigia simu wanalalamika. Nifanye nini?"

Digna alitazama chini ya turubai. Watu wawili kati ya hao sita walikuwa wameshachoka kusubiri barazani, wamefuata sauti ya tarumbeta, na sasa walikuwa wanatafuta sahani.

"Mjini na Holili zinasikilizana?"

"Zinasikilizana."

"Basi waache wasubiri," alisema, akairudisha simu kwenye pochi, akaenda kuwaonesha wale wawili mahali pa kunawia mikono.